Babu, Rodman na utepe kichwani

Bukoba. Kwa miaka mingi aliamini nywele za Dennis Rodman ni za kijivu.

Kanda za video alizotuma mjomba wake kutoka Texas zilirekodiwa kwa mfumo wa Marekani, na deki ya babu yake, mwalimu mstaafu, ilizionyesha bila rangi. Rangi zilikuja kwenye barua. Babu alivaa miwani, akasoma, kisha akatangaza kama refa: "Mjukuu wangu, leo ni kijani!"

Mwanamume mzima, mita mbili na ushee, kapaka nywele rangi na kuvaa hereni hadi puani. Bibi aliguna, akaenda zake jikoni. Babu hakujali. Alimtaka mjukuu atazame miguu, si kichwa. Rodman hakuwa mfungaji. Kazi yake ilikuwa kudaka mipira iliyokosa kikapu. Akiukosa anaruka tena, na tena, mpaka aupate. Kwa ribaundi hizo aliongoza NBA misimu saba mfululizo, 1992 hadi 1998.

Kisha ikaja kanda ya mechi za mtoano za 1995, Rodman akiwa San Antonio Spurs. Nywele zilikuwa na alama kama kitanzi. Babu alisoma barua kimya, akaikunja, akaitia mfukoni. Siku hiyo hakutangaza rangi.

Mjukuu alikuwa na miaka tisa. Mama yake alikuwa amefariki miaka miwili kabla. Nyumbani waliambiwa ni nimonia, shuleni watoto wakasema karogwa. Watu wazima walinong'ona "Juliana", jina ambalo watu wa Kagera waliupa ugonjwa ule mwanzoni mwa miaka ya 1980. Ni mkoa huo ulioripoti wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini, 1983.

"Babu, ile alama ni nini?" Aliuliza mara ya kwanza, akaambiwa atazame mpira. Mara ya tatu babu alisimamisha kanda.

Alimwambia ni utepe mwekundu wa kuwakumbuka watu wenye Ukimwi. Kisha akaongeza, taratibu, kwamba ndio uliomchukua mama yake. Hakurogwa. Hakumkosea mtu.

Mtoto hakulia. Aliuliza kama na yeye atakufa kwa sababu alikuwa anakula uji na mama bakuli moja. Babu alimjibu kuwa uji hauambukizi. Mengine hakuyajua, na alikiri hivyo. Wiki iliyofuata alimshika mkono wakaenda zahanati, akamwambia muuguzi: huyu ana maswali, mjibu yote. Jioni walirudi kumalizia mechi.

Babu huyo aliwatangulia wataalamu. Ni mwaka 2011 ndipo Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipotoa mwongozo unaoshauri watoto wa umri wa shule waelezwe hali zao za VVU na za wazazi wao, hatua kwa hatua, kulingana na uelewa wao. Hata dawa za ARV zilikuwa hazijaanza kutolewa bure nchini. Hilo lilianza 2004. Leo mzazi ana habari njema ya kuambatanisha, kwamba anayetumia dawa vizuri huishi miaka mingi. Lakini bado wengi husema "akikua nitamwambia", na mtoto katikati ya hapo hujitungia majibu yake, mara nyingi mabaya kuliko ukweli.

Mjukuu yule sasa ni mama. Mwezi uliopita mwanawe, naye ana miaka tisa, alikuwa akitazama vipande vya mechi za zamani kwenye simu. Akapita Rodman. Mama aliichukua simu na kuisogeza karibu na macho. Utepe ulikuwa mwekundu kweli.

"Mama, ile ni nini?"

Alikaa chini, akaanza na deki.