Krismasi Kabla ya Krismasi (2): Sikukuu ya Saturn na Siku ya Jua

Juma lililopita tuliishia kwenye swali ambalo Injili hazilijibu: Yesu alizaliwa tarehe ngapi? Mathayo na Luka wanasimulia kuzaliwa kwake, lakini hata mwezi hawautaji. Clement wa Alexandria, aliyeandika karibu na mwaka 200, anazitaja tarehe kadhaa zilizokuwa zikisemwa na watu wa zama zake. Desemba 25 haimo. Basi iliingiaje?

Twende Roma, Desemba 17. Hiyo ilikuwa siku ya Saturn, mungu wa mbegu na kilimo, ambaye nguzo nane za hekalu lake zimesimama mpaka leo. Miguu ya sanamu yake ilifungwa kwa sufu mwaka mzima, ikafunguliwa siku ya sikukuu tu. Mungu akifunguliwa, watu nao walijifungulia. Mahakama zilisimama, kamari iliyokatazwa siku nyingine ikachezwa hadharani, waungwana wakavua toga zao na kuvaa kofia ya mtumwa aliyeachwa huru. Watumwa walikaa mezani kula na mabwana zao. Katika nyumba nyingine bwana ndiye aliyeandaa. Watu walitumiana mishumaa ya nta na vinyago vidogo vya udongo. Sherehe ya siku moja ikanenepa hata ikafika siku saba. Pliny Mdogo anaeleza kwamba katika nyumba yake ya pwani alikuwa na chumba cha kujificha makelele ya siku hizo, na yeyote anayeishi jirani na mwenye spika kubwa atamwelewa.

Zawadi, mishumaa, karamu, likizo: hapa ndipo wengi husema, “Si mnaona?” Kwa upande wa desturi, naafikiana nao kwa kiasi kikubwa. Tertullian wa Karthago, mwanzoni mwa karne ya 3, aliwakaripia Wakristo waliokuwa wakishiriki sikukuu za kipagani na kupeana zawadi za majira hayo. Mtu hakemei jambo lisilokuwapo. Waumini wenyewe waliingia na desturi hizo mlangoni, na wala hawakungoja amri ya askofu yeyote.

Tarehe ni kesi nyingine. Sisi tuliozoea jua la Ikweta, linalochomoza karibu saa ileile mwaka mzima, hatuyahisi majira haya kama Warumi. Kwao mchana wa mwisho wa Desemba hupungua hadi muda wa saa tisa hivi, kisha huanza kurefuka. Katika kalenda ya Julius Caesar, zamu hiyo ya jua iliwekwa Desemba 25. Mwaka 274 Kaisari Aurelian akalijengea Jua Lisiloshindwa hekalu kubwa na kuwapa makuhani wake heshima ya dola. Ni rahisi kuhitimisha kwamba kanisa liliinyakua siku hiyo.

Lakini tukifungue kitabu chenyewe. Mwaka 354 fundi wa mwandiko aitwaye Filocalus alimtengenezea tajiri mmoja Mkristo wa Roma, Valentinus, kalenda yenye michoro. Nakala yake ya kwanza imepotea. Tunaijua kwa nakala za baadaye. Kwenye Desemba 25 pameandikwa kwa mkato: kuzaliwa kwa Asiyeshindwa, mbio 30 za magari ya farasi. Katika kitabu hichohicho, orodha ya sikukuu za wafiadini inaanza na tarehe ileile: Kristo amezaliwa Bethlehemu ya Yudea. Wataalamu huirudisha orodha hiyo hadi mwaka 336. Kwa hiyo maandishi yanayoitaja sikukuu ya Jua tarehe hiyo si ya kale kuliko yale ya Krismasi. Nani alimwiga nani? Karatasi haisemi. Maelezo yanayonukuliwa sana, kwamba kanisa liliihamishia Krismasi kwenye siku ya Jua, yametoka kwa mwandishi wa Kisiria wa karne ya 12, miaka 800 hivi baadaye.

Ipo na hesabu nyingine, iliyotetewa na mwanahistoria Mfaransa Louis Duchesne mwaka 1889. Wakristo wa kale waliamini Yesu alitungwa mimba tarehe ileile aliyokufa, Machi 25. Augustino anaiandika imani hiyo. Ongeza miezi tisa, unafika Desemba 25. Mimi naiona hesabu hii kuwa na nguvu, ingawa sidhani inatosha peke yake: mtu wa Roma aliyepiga hesabu hiyo alijua fika jua linafanya nini siku hiyo.

Na jua halikuondoka upesi. Papa Leo Mkuu, katikati ya karne ya 5, aliwalalamikia waumini waliopanda ngazi za kanisa la Mtakatifu Petro, kisha kabla ya kuingia wakageuka na kuliinamia jua linalochomoza.

Juma lijalo tutaelekea kaskazini, kwa Haakon wa Norway, mfalme Mkristo wa karne ya 10 aliyeihamishia sikukuu ya kipagani ya jól kwenye Krismasi kwa sheria, na kuagiza kila mwenye nyumba awe na pombe yake.