Boti ya mitumbwi miwili: Kabla hujampandisha mtoto, soma hapa

Ukipita kwenye fukwe za hoteli za pwani yetu, kuanzia Diani hadi Unguja, huenda umeiona: boti ndogo yenye tanga la rangi rangi, imekaa mchangani juu ya mitumbwi miwili myembamba iliyounganishwa kwa mabomba ya alumini. Anayeikodisha atakuambia ni rahisi, hata mtoto anaiweza. Maneno hayo ni ya kweli nusu, na nusu iliyobaki ndiyo inayomhusu mzazi.

Inaitwa katamarani, neno lililotoka kwenye Kitamil likiwa na maana ya magogo yaliyofungwa pamoja. Aina iliyoenea zaidi kwenye fukwe duniani ni Hobie 16, iliyobuniwa mwaka 1969 na Hobie Alter, mtengenezaji wa mbao za kutelezea mawimbi huko California, Marekani, pamoja na Phil Edwards. Zaidi ya 100,000 zimeshatengenezwa.

Alter alitaka boti ambayo watu wawili wataisukuma kutoka mchangani na kuirudisha palepale, bila gati. Kwa hiyo Hobie 16 haina ubao wa kuzamisha chini kati ili isisukumwe upande. Badala yake kila mtumbwi umechongwa kwa umbo lisilolingana, upande wa nje bapa na wa ndani umebinuka, na maji yenyewe huishikilia isiende kombo. Usukani wake hukunjuka juu ukigusa mchanga. Ina urefu wa mita 5 na uzito wa kilo 145 hivi, yaani kama gunia moja na nusu la mahindi, lakini hubeba matanga mawili yenye jumla ya mita za mraba 20.

Hapo ndipo ilipo raha yake na hatari yake. Uzito mdogo na tanga kubwa maana yake ni kasi. Anayeijua ngalawa anaelewa kwa nini upana husaidia boti isipinduke, ila ngalawa hubeba mzigo wake kwenye mtumbwi wa katikati. Katamarani haina katikati. Abiria hukaa juu ya kitambaa kigumu kilichokazwa baina ya mitumbwi, na upepo ukizidi mtumbwi mmoja huinuka hewani. Ili kuushusha, abiria hujifunga mkanda wenye ndoano, hujining'iniza kwenye waya unaotoka mlingotini, na kusimama pembeni mwili mzima ukiwa nje ya boti. Watoto huipenda sana sehemu hiyo.

Kasoro inayojulikana ya Hobie 16 ni pua zake nyembamba. Inapokimbia na upepo wa nyuma, pua ya upande ulioinamia maji inaweza kuzama ghafla. Boti inasimama, waliomo wanarushwa mbele. Mwenye uzoefu husogeza watu nyuma mapema. Anayejifunza hukumbuka akiwa tayari majini.

Kupinduka si ajabu kwa boti hii, na mafunzo mazuri huanza na namna ya kuinyanyua. Kwanza mnahesabiana. Kisha mnalegeza kamba za matanga, mnaogelea kuigeuza pua ielekee upepo, mnasimama juu ya mtumbwi wa chini na kuegemea nyuma mkivuta kamba mpaka upepo uingie chini ya tanga. Kinachoinyanyua ni uzito wenu. Sasa piga hesabu: mama wa kilo 70 na mtoto wa kilo 35 ni kilo 105. Kwenye mashindano, wawili hutakiwa kuwa na angalau kilo 129. Mzazi na mtoto wa darasa la tano wanaweza kufurahia safari nzima, kisha wakashindwa kabisa kuirudisha boti ikipinduka. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mwenye boti lisiwe bei. Liwe hili: tukipinduka, nani anakuja, na kwa chombo gani? Kama jibu ni kucheka tu, ondokeni.

Swali la pili ni upepo. Unaovuma kutoka baharini utawarudisha ufukweni. Unaotoka nchi kavu ndio mbaya, tena hudanganya, kwa sababu karibu na ufukwe maji huonekana shwari. Wakati wa kusi, fukwe za magharibi ya Unguja huwa hivyo. Boti ikiwashinda, msiiache kuogelea kwenda ufukweni. Inaelea na huonekana kwa mbali; kichwa cha mtu hakionekani.

Jaketi okozi livaliwe mchangani, si baada ya kuanza safari. Mfunge mtoto, kisha mwinue kwa kushika mabega ya jaketi: likipanda hadi masikioni, ni kubwa mno. Epuka lile linalojijaza hewa lenyewe, kwani mtoto akiangukia chini ya kitambaa litambana huko juu ashindwe kutoka. Mkanda wenye ndoano usiwe wa siku ya kwanza, maana ndoano hunasa kamba. Nywele ndefu zifungwe. Na kwa kuwa maji huondoa joto mwilini haraka kuliko hewa, mtoto anayetetemeka arudishwe hata kama jua ni kali.

Mlingoti una urefu wa mita 8 na ni wa alumini. Baada ya watu kupigwa na umeme, kuanzia miaka ya 1980 kipande chake cha juu kilitengenezwa kwa nyuzi za kioo, zisizopitisha umeme, lakini boti nyingi za zamani bado zinatumika. Kabla ya kuisukuma kwenye mchanga, tazama juu kama kuna waya.