Huyu Mtoto Ametoka Wapi?

Mama mmoja wa hapa kwetu Mutomo alijifungua mtoto mwenye ualbino. Mume alimtazama mtoto, akamtazama mkewe, akasema, "Huyu si wangu." Mamamkwe naye akasema ni laana. Maneno kama haya tumeyasikia sana vijijini, ndiyo maana tumeona tulieleze jambo hili.

Mwili hujengwa kwa maagizo yanayoitwa jeni. Ni kama maandishi, nayo yana herufi nne tu. Karibu kila jeni mtu anazo nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama. Sasa, maandishi yakinakiliwa vizazi na vizazi, makosa huingia. Chukua maneno "chota maji". Herufi moja ikigeuka, unapata "choma maji"! Ugonjwa wa selimundu, ambao chembe za damu hupinda kama mundu, ni wa namna hiyo: herufi moja tu. Anthony Allison, daktari aliyelelewa Kenya, alionyesha mwaka 1954 kwamba aliyerithi kosa hilo kwa mzazi mmoja hupata kinga fulani ya malaria. Ndiyo sababu limeenea Pwani na kando ya Ziwa Victoria kuliko nyanda za juu. Aliyelirithi kwa wazazi wote wawili ndiye anayeugua.

Kosa lingine ni la kipande kung'oka. Imebaki "chota", maji hayapo. Ualbino mwingi wa Waafrika wa asili ya Kibantu uko hivyo: katika jeni moja ya rangi, herufi kama 2,700 zimetoka. Tangu miaka ya 1990 pengo hilohilo limekutwa kwa watu wa Tanzania hadi Afrika Kusini. Kwa hiyo ni la mababu wa zamani sana. Yule mama hakulileta yeye.

Wazazi wanaweza kuwa weusi ti, kila mmoja ana nakala moja nzima na moja yenye pengo. Hiyo nzima inatosha kuleta rangi. Mtoto akipata zenye pengo zote mbili, rangi inakosekana. Basi nusu ya jambo imetoka kwa baba. Kwa wazazi kama hao nafasi ni moja kwa nne, tena kila mimba. Wengine husema, "Tumeshapata mmoja, imeisha." Haijaisha, hesabu huanza upya.

Yako pia makosa yasiyorithiwa. Jua huharibu herufi ndani ya ngozi yenyewe, na yakijikusanya huleta kansa. Rangi nyeusi ni kivuli cha ngozi. Mtoto huyu hana kivuli hicho, na jua la Mutomo mnalijua wenyewe! Apate kofia pana, mikono mirefu na mafuta ya kukinga jua, wala asitumwe kuchunga mbuzi saa sita. Kidonda kisichopona kifike hospitali mapema. Shuleni akae mbele, kwa sababu macho yake hayaoni vizuri na miwani haimalizi shida yote. Mwalimu asimwite mjinga.

Yule baba baadaye alitujia na swali: "Mwanangu akioa, wajukuu watakuwa hivyo pia?" Tulimjibu kwamba mke akiwa hana pengo hilo, wote watazaliwa na rangi yao, ila kila mmoja atalibeba.