Ukimkopesha mpenzi mkatengana, deni utalidai vipi?

WAHENGA walinena kuwa kukopa harusi, kulipa matanga. Methali hiyo huwa chungu zaidi pale mkopaji na mkopeshaji walipokuwa wapenzi, kwani penzi likivunjika, aghalabu deni nalo hukanwa.

Chukulia mfano wa mwanamke anayelima mahindi viungani mwa mji wa Kitale. Mnamo Januari anamtumia mpenzi wake aliye Bungoma Sh80,000 kwa M-Pesa ili aongezee bei ya pikipiki ya bodaboda, kwa ahadi kwamba atazirejesha kabla ya mvua za Machi. Mvua zinanyesha, mbolea haijanunuliwa, na wawili hao wameshatengana. Mwanamume sasa anashikilia kuwa alipewa zawadi.

Hilo ndilo swali la kwanza mbele ya sheria: je, ulikuwa mkopo au zawadi? Zawadi iliyokwisha kupokewa kwa kawaida hairudishwi. Mkopo hudaiwa, hata kama haukuandikwa popote. Hata hivyo, kwa mujibu wa Sheria ya Ushahidi, mzigo wa kuthibitisha humwangukia anayedai.

Hapo ndipo wengi hukwama. Taarifa ya M-Pesa huonyesha nani alituma fedha, kiasi gani na lini. Haielezi zilitumwa kwa sababu gani. Ujumbe mmoja wa simu unaosema "nitakurudishia mwisho wa mwezi" huziba pengo hilo, sawa na malipo ya sehemu ya deni, yawe madogo namna gani. Kwa hivyo, anayefuta jumbe za mpenzi wake wa zamani kwa hasira huenda akafuta ushahidi wake mwenyewe.

Baadhi ya wadai hukimbilia kituo cha polisi. Lakini kushindwa kulipa deni ni suala la madai, wala si jinai. Kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu huadhibu kupata mali kwa udanganyifu kwa kifungo cha hadi miaka 3, ila uongo huo sharti uhusu jambo lililopo au lililopita. Ahadi ya kesho isiyotimizwa haitoshi. Aidha, mdai anayeitwaa pikipiki kwa nguvu anaweza kujikuta yeye ndiye mshtakiwa.

Hatua ya busara ni kuanza kwa barua ya madai inayotaja kiasi, tarehe na makataa ya kulipa. Kifungu cha 159 cha Katiba ya 2010 kinatambua upatanisho na njia za jadi, hivyo wazee wanaweza kuhusishwa. Watakayoafikiana yaandikwe na kutiwa sahihi na pande zote. Chifu anaweza kuwasikiliza, lakini hana mamlaka ya kumlazimisha mtu kulipa.

Ikishindikana, ipo Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016 na kuanza kazi 2021. Husikiliza madai yasiyozidi Sh1 milioni, sheria imeiwekea siku 60 za kukamilisha kesi, na mdai anaweza kujiwakilisha bila wakili. Pasipo na mahakama hiyo, kesi hupelekwa kwa hakimu.

Mkulima wetu anaweza kushtaki Bungoma anakoishi mdaiwa, au Kitale iwapo ndiko makubaliano yalikofanyika. Ana miaka 6 tangu deni lilipostahili kulipwa, na mdaiwa akilipa sehemu yake, muda huo huanza kuhesabiwa upya.

Lakini kushinda kesi si kulipwa. Mdaiwa asiye na mali anaweza kuruhusiwa kulipa kidogo kidogo, na mdai hana budi kupima nauli na siku za shamba atakazopoteza akifuatilia haki yake.

Ndiyo maana wakati bora wa kuandika "huu ni mkopo" ni siku ile fedha zinapotumwa, wapenzi wakiwa bado wanasikilizana.