Kuku Mmoja, Wageni Kumi

Kwetu Mombasa, katika nyumba za Mji wa Kale, mgeni haulizwi kama atakula. Atapiga hodi, ataitikiwa karibu, atavua viatu na kuketi, na wakati anaulizwa hali ya watoto na ya wazee, mmoja wa watu wa nyumba ameshanyanyuka kimya kimya kuelekea jikoni. Haipiti robo saa, sinia linaingia. Mgeni husema, "Mwajisumbua nini, na sisi ni watu wa nyumbani?" Mwenye nyumba hujibu, "Hapana kitu, ni vya kutafuna tu." Na siniani mna sambusa za kuku zilizotoka mafutani sasa hivi, mishikaki, chatne ya nazi, vipande vya ndimu na jagi la juisi ya ukwaju. Maneno hayo nimeyasikia tangu utotoni, kwa mpangilio huo huo, na kila mara yanasemwa kwa moyo mmoja.

Sababu yake bibi alitufundisha kwa kisa cha Nabii Ibrahim kilichomo katika Sura Adh-Dhariyat. Walipomjia wageni asiowajua, aliwaondokea taratibu akaenda kwa watu wake, akarudi na ndama aliyenona, akawasogezea. Hakuwauliza kwanza. "Ukimuuliza mtu kama ana njaa," bibi alikuwa akisema, "umemfundisha kukwambia hana."

Lakini adabu hiyo ina kazi yake jikoni. Mtu asiyeuliza lazima awe tayari, tena kwa kitu kinachopikika kabla mgeni hajaanza kutazama mlango. Pilau haiwezi, biriani ndiyo kabisa. Ndipo vitafunio vya kuku vilipopata cheo chao. Nyama yake huiva upesi, hukubali kila kiungo, na karibu kila anayekaribishwa anaweza kuila.

Mapokezi ya hatua kwa hatua ni ya zamani sana katika pwani hii. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331, kabla hajashuka Mombasa na Kilwa, alieleza namna alivyopokewa. Kwanza aliletewa tambuu na popoo, akamiminiwa marashi ya waridi yaliyotoka Damascus. Chakula kilikuja baadaye: sahani kubwa ya mti yenye wali uliopikwa kwa samli, na juu ya wali kitoweo cha kuku, nyama, samaki na mboga, pamoja na achari ya ndimu na ya pilipili, tangawizi mbichi na maembe. Kila nisomapo maelezo hayo naona meza ya shangazi yangu siku ya Idi, mrashi ukipitishwa na achari ikiwa pembeni. Kilichobadilika ni kwamba pale palipokaa tambuu leo pamekaa sambusa.

Zamani, hata hivyo, kuku hakuwa kitu cha kila siku. Wa kienyeji huchukua miezi mitano au sita hata afae kuchinjwa, tofauti na broila wa leo anayeuzwa akiwa na wiki sita hivi. Alifugwa uani, akajulikana kwa rangi yake, na siku yake ilipofika alitumwa mtoto. Nimezipita njia zile nyembamba nikiwa na miaka minane, kuku nimemkumbatia kifuani mabawa yamebanwa, nikitafuta mwanamume wa kumchinja. Dini haimkatazi mwanamke kuchinja, ila desturi ya mtaa wetu ilikuwa hivyo. Nilimkuta mzee mmoja barazani akingoja alasiri. Alinyanyuka bila neno, akamwelekeza kuku kibla, akasema bismillahi. Hakutaka malipo, na jioni ile sahani yake ilipelekwa kabla ya zetu.

Basi kuku ni mmoja, na idadi ya wageni haijulikani. Akipikwa mchuzi hutoka vipande kumi au kumi na viwili, na atakayeingia wa kumi na tatu atamwaibisha mwenye nyumba. Mabibi zetu walilijua hilo, wakamgawa kuku kwa namna nyingine. Kidari hukichemsha na kukichambua kwa ajili ya sambusa. Nyama ya mapaja huitoa mifupa ikawa mishikaki. Vipapatio ni vya kuchoma na kupakwa tui. Mgongo, shingo na mifupa vyote hurudi sufuriani vikawa supu. Kidari kimoja kilichochambuliwa vizuri na kuchanganywa na vitunguu vya kutosha hutoa sambusa ndogo thelathini, na hapo watu kumi wameshashiba kiasi cha kungoja chakula chenyewe bila haraka.

Firigisi na maini hayakuingia siniani. Yalikaangwa kwa pilipili manga akapewa babu. Majirani zetu Waluhya, waliotoka magharibi ya Kenya wakahamia Mombasa kutafuta kazi, wao firigisi wameipa heshima kubwa zaidi, na mgeni wa kiume anayechinjiwa kuku hutarajia kuikuta kwenye sahani yake. Nafurahi kwamba ndege mmoja amebeba lugha mbili za heshima katika mtaa mmoja.

Sambusa ndiyo inayohitaji maelezo, kwa sababu wengi wameiacha wakidhani ni ngumu. Jina lake limetoka Uajemi, na kitu chenyewe kimetembea. Ibn Battuta huyo huyo alikikuta Delhi kwenye karamu za sultani: nyama iliyokatwakatwa, ikapikwa kwa lozi, vitunguu na viungo, ikafungwa ndani ya mkate mwembamba na kukaangwa kwa samli. Ugumu wa sambusa uko katika manda, na manda nazo zina siri moja tu. Unga wa ngano hukandwa kwa maji, chumvi na mafuta kidogo, ukakatwa madonge madogo. Kila donge husukumwa likawa kama kisahani cha kikombe, likapakwa mafuta na kunyunyizwa unga juu yake, kisha likabandikwa jingine, hata yafike manne. Hapo yanasukumwa yote pamoja yakawa chapati moja pana, ikawekwa kwenye chuma chenye moto wa wastani, upande huu kidogo na ule kidogo, isibadilike rangi. Mvuke unaojikusanya kati ya tabaka zenye mafuta huzisukuma zikaachana. Ukiichukua ikiwa bado ya moto, ukaivuta pembeni taratibu, manda nne zitabanduka kama kurasa za kitabu. Ikipoa zitang'ang'aniana. Zikate, zifunike kwa kitambaa chenye unyevu, na kazi ngumu imekwisha.

Kisa kingine ni maji. Sambusa inayopasuka mafutani mara nyingi imepasuliwa na unyevu wa ndani, kwa hiyo kuku aliyechambuliwa arudishwe sufuriani na thomu, tangawizi, pilipili mbichi, bizari nyembamba na chumvi, akaangwe hata akauke kabisa. Vitunguu maji vikatwe vidogo vidogo na vitiwe mwisho, moto ukiwa umeshazimwa, pamoja na dania na ndimu. Joto lililobaki linatosha kuvilainisha bila kuvitoa maji. Mtu akila asikie kitunguu kikivunjika menoni. Hilo ndilo linaloitofautisha sambusa ya nyumbani na ile iliyokaa dirishani tangu asubuhi, na mimi katika jambo hili sina msimamo wa kati: sambusa isiyo na kitunguu cha namna hiyo haijakamilika.

Manda hukunjwa kama kikofia, ikatiwa nyama kijiko kimoja, ikazibwa kwa uji mzito wa unga na maji. Pembe zote tatu zikaguliwe, maana tundu la sindano linatosha kuingiza mafuta. Mafuta nayo yajaribiwe kwa kipande cha manda: kikizama kwanza kisha kikapanda taratibu na mapovu, moto uko sawa. Kikirukia juu na kuwa cheusi, mafuta yamezidi moto. Zikitoka zisimamishwe kwenye chujio ili mafuta yachuruzike.

Mishikaki ya kuku haina mengi. Tumia paja, usitumie kidari, kwa sababu paja lina mafuta yake na halikauki juu ya makaa. Ukwaju mzito, thomu, tangawizi, pilipili, chumvi, bizari ya manjano kidogo, basi. Papai bichi liachie nyama ya ng'ombe. Kuku akitiwa papai huwa laini kupita kiasi hata akapoteza umbo. Vijiti vya mti viloweshwe nusu saa visiungue. Vipapatio vinafuata njia hiyo hiyo, ila karibu na kuiva hupakwa tui zito lililochemshwa na thomu na pilipili hata likashika kijiko. Ndimu itiwe tui likishatoka motoni, kwani ikitiwa likiwa linachemka tui hukatika. Mpikaji hupaka, hugeuza, hupepea makaa, hupaka tena, na harufu ile ikishafika barazani hakuna mgeni anayeaga.

Wepesi wa mambo haya yote unatokana na kuyafanya kabla. Na hapa ndipo penye desturi ninayoipenda kuliko zote. Mwezi wa Shaaban, Ramadhani ikikaribia, wanawake wa nyumba tatu nne hukusanyika kwenye ukumbi mmoja. Mkeka unatandikwa, mabakuli yanapangwa katikati. Mmoja yuko kwenye chuma, mmoja anabandua, wengine wanakunja, na mtoto amepewa bakuli la uji wa unga azibe. Mamangu mkubwa hukunja bila kutazama mikono yake, macho yapo kwa anayezungumza. Hapo ndipo posa zinapojadiliwa, mgonjwa anapopangiwa zamu za kutembelewa, na waliokosana wanapojikuta wamekaa ubavu kwa ubavu na kazi ya kufanya. Sambusa mbichi hupangwa kwenye trei zisigusane, zikagandishwa hata ziwe ngumu kama mawe, kisha zikatiwa mifukoni na kila nyumba ikachukua fungu lake. Zikihitajika hutiwa mafutani zikiwa zimeganda vile vile. Ukizingoja ziyeyuke, manda italainika na kuchanika.

Friza ni jambo la majuzi, na ninaona limeiokoa desturi hii badala ya kuiua. Dada zetu waliohamia Muscat na London hununua manda tayari madukani, hata zile za Kichina, wakatia nyama ya kwetu ndani. Bibi angeikubali. Alichokuwa akikipinga ni kuagiza kila kitu nje na kukiweka mezani kikiwa bado kwenye boksi lake. Vibweta vya vitafunio vinavyogawiwa harusini usiku wa kupamba vina mahali pake, kwa sababu wageni ni mamia. Nyumbani, mgeni mmoja amekuja kukuona wewe. Chakula kinachomfikia kikiwa kimepita mikononi mwako kinamweleza jambo ambalo cha dukani hakiwezi kumweleza.

Nalo sinia lina adabu yake. Wageni wanaume wakiwa barazani au sebule ya nje, sinia hubebwa na mtoto au kijana wa nyumba, akabisha mlango kwanza, akaweka na kuondoka bila kukodoa macho. Wanawake huingia ndani, na kwao vitafunio huja na maongezi marefu zaidi. Birika la maji na bakuli la kunawia hutangulia, na mkubwa kwa umri hunawishwa kwanza. Mwenye nyumba huchukua kipande yeye mwenyewe, hata kama ameshiba, ili mgeni asione haya kuanza. Mgeni naye akiwa kwenye dawa au amefunga sunna husema wazi, naye hufungiwa chake aende nacho. Asiye na sababu haondoki bila kuonja.

Tena kuna sahani ya jirani. Harufu ya kuku wa kuchomwa haina mipaka ya ukuta, na mwenye kuinusa ana haki yake. Sambusa nne tano hutiwa kwenye kisahani, zikafunikwa, mtoto akatumwa. Kisahani hicho hakirudi kitupu. Siku ya pili au ya tatu kitarudi na kaimati, au maembe, au hata sukari tu kama mwezi umekuwa mgumu.

Nimeona nyumba nyingi za vijana mjini ambamo mgeni sasa hutakiwa apige simu siku mbili kabla, na akija huulizwa mlangoni, "Tukuagizie nini?" Siwalaumu. Kazi ni nyingi, nyumba ni ndogo, jiko la makaa haliruhusiwi ghorofani. Ila mishikaki huiva pia kwenye kikaango kizito kilichopakwa mafuta, na sambusa hazihitaji ua wala makaa. Kwa hiyo namwomba msomaji hili: ukinunua kuku wiki hii, toa kidari chake pembeni. Kaa na watoto Jumamosi asubuhi, wafundishe kukunja kikofia na kuziba pembe. Sambusa zilizogandishwa vizuri hukaa mwezi mzima bila kuharibika, na kuzikaanga hakuzidi dakika kumi, muda ambao mgeni bado anaulizwa hali ya wazee wake.