Jiko Likichakaa, Tusitazame Bei ya Siku Moja

Wahenga walinena kuwa rahisi huvunja upishi. Neno hilo linawahusu sana wananchi wa Geita na wa visiwa vya jirani, kama vile Kome na Maisome, kila jiko la nyumbani linapotoboka na kulazimu kununuliwa jingine.

Wengi wetu hukimbilia sokoni na kuchukua jiko la bati lililo rahisi kuliko yote. Hatuna budi kukumbushana kwamba jiko hulipiwa mara moja, bali mkaa hulipiwa kila wiki. Jiko la bati tupu hupoteza joto jingi ubavuni. Lenye udongo wa kuchomwa ndani yake hulihifadhi joto hilo na kulielekeza kwenye sufuria. Mnunuzi na aukague udongo huo usiwe na ufa, tena uwe umeshikamana barabara na bati.

Mwaka 2024 Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Tunauunga mkono kwa dhati, maana moshi unawaumiza mama zetu na watoto wao. Hata hivyo, kugawa mitungi ni nusu tu ya kazi. Mtungi wa kilo 6 ukiisha kisiwani, na wa kubadilisha hauko mpaka mtu avuke ziwa, mtungi huo hugeuka pambo la chumbani, na mama hurejea kwenye mafiga matatu.

Kwa hiyo tunawataka watumishi wa Serikali wasihesabu mitungi iliyogawiwa pekee, bali pia iliyojazwa upya. Wahakikishe kuna wakala wa gesi karibu na kila mwalo mkubwa, mwenye mizani dukani. Nao wananchi wasione haya kudai kupimiwa. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa kwenye mtungi wenyewe. Ukijumlisha kilo 6 za gesi, mizani haina budi kuonyesha jumla hiyo. Kupunja vipimo ni haramu katika dini na ni kosa katika sheria.

Wapo watakaosema kuwa hilo ni jambo dogo la jikoni. Sivyo. Majirani zetu wa Shinyanga waliiona ardhi yao ikigeuka jangwa, hata mwaka 1986 ukaanzishwa mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliofufua ngitili za wazee wao. Miti iliyokatwa kwa siku chache ilihitaji miaka mingi kurudi.

Ngitili za Geita nazo zinalindwa au kuteketezwa jikoni. Mwananchi achague jiko kwa hesabu ya mwaka mzima, na kiongozi ahakikishe kuwa chaguo lililo bora linapatikana hata ng'ambo ya maji.