Karo Imelipwa, Mikeka Je?

Sisi watu wa mwambao tukisikia neno chuo, linalotujia kwanza ni chuo cha Kurani. Nami nilianzia huko, juzuu kifuani, na kila Alhamisi nikimpelekea maalimu ada yake ndani ya ngumi. Ada ile ilikuwa ya maalimu. Mikeka ya kukalia, mafuta ya taa na maji ya mtungini havikutoka humo. Vilitoka kwa wenye mtaa.

Nimeyakumbuka hayo baada ya kuzungumza kwa simu na mpwa wangu aliyeko Marekani. Alikwenda huko kutafuta riziki, akaingia jeshini, akatumikia miaka yake, na sasa yumo chuo kikuu akisomea uhandisi. "Shikamoo mjomba," akaanza, kisha akanipa habari: "Karo yote imelipwa na serikali. Lakini tangu wafunge Disemba, pesa ya kodi ya nyumba imekatika." Nilidhani ananitania.

Jambo lenyewe lina asili ya zamani. Rais Franklin Roosevelt aliitia sahihi sheria ya kwanza tarehe 22 Juni, 1944, vita vingali vinarindima. Askari aliyerudi akawekewa karo hadi dola 500 kwa mwaka, na posho ya dola 50 kwa mwezi akiwa kapera, 75 akiwa na jamaa. Kufika 1947, karibu nusu ya wanafunzi wa vyuo vya Marekani walikuwa ni hao waliotoka vitani. Si wote waliokula sinia moja, lakini. Weusi wa majimbo ya kusini walifungiwa milango ya vyuo vya wazungu, na vyuo vyao wenyewe vikajaa hata vikarudisha watu.

Mwaka huo huo wa 1944 vijana wetu wa Keya walikuwa Burma, wakikanyaga matope ya bonde la Kabaw. Babu yangu mmoja alikuwamo. Alirudi na kabuti na kikohozi, na hakuna aliyemuuliza kama angependa kusoma. Kabuti lile nililiona kwa macho yangu.

Sheria anayosomea mpwa wangu ilipitishwa 2008, ikaanza kazi Agosti 2009. Hulipa miezi 36 ya masomo, pamoja na nyumba na vitabu. Lakini pesa haitoki mpaka mtu wa chuoni athibitishe kuwa mwanafunzi kajiandikisha, na kwa vipindi vingapi. Mwaka ule wa kwanza karatasi zilirundikana hata serikali ikalazimika, mwezi wa Oktoba, kutoa hundi za dharura za hadi dola 3,000. Na tangu 2011, likizo baina ya mihula hazilipiwi pesa ya nyumba.

Hapo ndipo inapotakiwa mikeka: karani wa kuzifuata karatasi, mshauri, mwalimu wa kumrudishia hesabu mtu aliyeziacha miaka minane, na mfuko mdogo wa dharura. Mwaka 1972, kwa ajili ya waliotoka Vietnam, Bunge la Marekani lilikubali kuvipa vyuo fedha za ofisi kama hizo. Mpango ule baadaye ukafa. Wizara ya Elimu nayo imewahi kutoa ruzuku za vituo vya wanafunzi hawa, ila vyuo vilishindania na waliopata walikuwa wachache. Idara ya askari wa zamani nayo hukipa chuo ada ya dola 16 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, kwa sheria ya 2017. Chuo chenye watu mia hupata dola 1,600. Karani gani huko atakubali kulipwa hizo hata kwa mwezi mmoja?

Zilizobaki chuo kijitafutie. Mwanasiasa hupenda kupigwa picha akikabidhi karo, na sisi wa basari tunalijua hilo vyema. Sijapata kuona picha ya mtu akikabidhi mshahara wa karani.

Chuoni kwa mpwa wangu ofisi hiyo ina mama mmoja, na huyo huyo ndiye mwenye kushughulikia wanafunzi wa kigeni. Nilimuuliza kijana atalalaje Disemba hii.

"Yule mama ameniandikia barua kwa mwenye nyumba, anisubiri mpaka Februari."

"Barua kama hizo anaandika ngapi kwa siku?"

Akacheka. "Mjomba, foleni inafika kwenye ngazi."